Isale la Hatta

Kama kuna mtu aliyeijua Kilimanjaro kwa mdomo, basi ni Redempta. Muulize theluji, atakwambia. Muulize mbege, atakupikia kwa maneno mpaka ulewe. Pale Al Rigga, Dubai, kwenye duka la maua na zawadi alilofanyia kazi mwaka wa nne sasa, hakuna mteja wala msafishaji asiyejua kwamba dada yule mwembamba ametoka Rombo, mlimani kabisa, na kwamba watu wa Rombo hawatishiki. Na hakuwa akisema uongo, maana baba yake ni Mrombo. Asichokisema ni kwamba yeye mwenyewe kazaliwa Tabata, Dar es Salaam, kakulia Tabata, kasoma Tabata, na huko Rombo kafika mara moja tu, ana miaka minne, na anachokumbuka ni baridi na mbwa. Kila Desemba, Wachaga wenzao wakipanda kwenda kula Krismasi kwao, baba yake alikuwa na sababu. Mwaka huu gari bovu. Mwaka huu kazi imebana. Mwakani, Mungu akipenda. Mwakani ikawa mwakani mpaka leo.

Na Kirombo? Hakijui. Aliokota salamu mbili tatu kwa shangazi yake, basi, ndio mtaji wote.

Utasema uongo wa namna hiyo haumuui mtu. Subiri kwanza.

Huyu Redempta alikuwa na mchumba, Kenneth, wakala wa mizigo pale Deira, Mrombo wa kweli, mtu wa kihamba, shamba la ukoo, na mgomba. Kenneth alimpenda kwa mengi, lakini zaidi alipenda kwamba kampata wa nyumbani katikati ya mataifa yote haya. Akimtupia neno la Kirombo, Redempta anacheka na kujibu kwa Kiswahili. Kenneth akaona ni mambo ya wasichana wa mjini tu.

Mwezi wa nane uliopita simu ya Kenneth ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikapelekwa kwa fundi, naye kwa siku tatu akawapa watu wa nyumbani namba ya Redempta. Siku ya kwanza tu, mchana, Redempta yuko dukani anakata miiba ya waridi, simu ikaita. Ni mama yake Kenneth. Wakasalimiana, na Redempta, kwa kujionyesha, akaitikia salamu kwa Kirombo. Ee bwana! Mama akafurahi, akakimwaga Kirombo chote. Kisha akampa simu mzee, baba yake Kenneth, na sauti ya mzee ikaja polepole, inakata, inapumzika, inaendelea, dakika tano nzima. Redempta hakuambulia kitu. Akawa anaitikia tu, “Ee, baba. Ee, baba.” Mwisho mama akairudia simu, akasema kwa Kiswahili, “Umesikia mwenyewe, mwanangu. Mfikishie leo hii hii.” Naye akasema, “Nitamfikishia, mama.”

Afikishe nini sasa? Jioni akamwambia Kenneth, “Nyumbani wamepiga, wanakusalimia, ukipata simu uwapigie.” Alijua ni zaidi ya salamu. Sauti ile haikuwa ya salamu. Lakini kusema zaidi kungemlazimu aseme kwamba hakuelewa, na hilo likamshinda. Kenneth alipata simu yake siku ya tatu asubuhi, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa msiba. Mzee amefariki alfajiri.

Kenneth akapanda ndege, akaenda kuzika. Mama yake akampa kiti na chai kama anavyopewa mgeni wa serikali, na tangu siku hiyo akimpigia simu, mama hujibu ndiyo, hapana, asante, kwaheri. Kenneth akadhani ni majonzi. Kule nyumbani wao walijua jingine: kwamba baba alimwita mwanawe kwa maneno yake ya mwisho, na mwana, huko Dubai, akayasikia akanyamaza.

Redempta hakuwa mjinga, alilielewa hilo mapema kabisa. Miezi sita alilala nalo na kuamka nalo. Aliona aibu kweli kweli, aibu ya kumfanya mtu asimame chooni peke yake na kujifunika uso kwa viganja. Lakini kila alipotaka kusema, aliona jinsi “sikufikisha” litakavyozaa “kwa nini”, na “kwa nini” litakavyozaa “sijui Kirombo.” Hebu ona upumbavu wa binadamu. Kosa kubwa lilikaa kimya kwa sababu ya kulinda dogo.

Mtu mmoja tu alijua, naye ni Hamida, Mzanzibari waliyepanga naye chumba, mwanamke wa kusema lake papo hapo.

“Sema, shoga,” Hamida alimwambia. “La kuvunda halina ubani.”

“Nitasema.”

“Lini? Weye kila siku wasema utasema.”

“Baada ya Hatta.”

Maana Kenneth alikuwa amemtumia mama yake tiketi, mama akaja, na jumuiya ya Wachaga wa Deira ilikuwa imepanga safari ya kwenda Hatta, Jumapili moja ya Februari. Hatta ni Dubai vilevile, ila iko juu huko milimani, mwendo wa saa moja na nusu. Kenneth alimwambia Redempta wazi, “Mama akikuona siku ile akaridhika, Pasaka barua ya posa inakwenda kwenu.” Basi Redempta akajiambia, kwanza anipende. Akishanipenda, nitamwambia. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, na alijua hata wakati anaipiga kwamba ni ya mwoga.

Walipanda Coaster iliyokodiwa, saa moja asubuhi, dereva ni Gervas, mwenyekiti wa jumuiya, mtu mzima wa Kibosho mwenye tumbo na kicheko. Hamida naye aliomba nafasi, akapewa. Mama Kenneth alikaa kiti cha mbele, mwanawe pembeni yake, na kati yao mfuko wa machungwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, kilemba cheusi, miguu imekaa sawasawa sakafuni. Redempta alipompa shikamoo, mama akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamtazama usoni kwa muda.

“Wewe ndiye ulikuwa kwenye simu,” alisema.

“Ndiye mimi, mama.”

“Mungu akubariki. Wewe ulitusikiliza.”

Redempta alirudi kiti cha nyuma masikio yanawaka. Hamida akamfinya paja.

Majengo yakaisha, mchanga ukaja, mwekundu, mwingi, kisha mchanga nao ukaanza kuota mawe, na mawe yakawa milima. Mvua zilinyesha Januari, na milima ile ambayo siku nyingine ni kahawia tupu ilikuwa imepakwa kijani chepesi kwenye mikunjo. Migunga ilikuwa na majani mapya madogo madogo, na mbuzi wamesimama kwa miguu miwili kuyafikia. Upepo uliingia dirishani ukiwa na ubaridi. Watu waliokaa mwaka mzima kwenye kiyoyozi walitoa vichwa nje wakauvuta, wakacheka bila sababu. Gervas akaimbisha wimbo wa kanisani, na alipoanza kukosea maneno wakamzomea.

“Milima gani hii?” Redempta alisema kwa sauti, kwa mazoea yake. “Hata mgomba mmoja hamna! Njooni Rombo muone mlima.”

Watu wakacheka. Mama Kenneth akageuka.

“Mlima haudharauliwi, mwanangu,” alisema kwa upole. “Huu nao una wenyewe.”

Hata hilo dogo lilimchoma.

Walianzia kwenye kijiji cha kale, nyumba za mawe na udongo zilizotengenezwa upya, paa za makuti na magogo ya mitende, na juu yake minara miwili ya walinzi wa zamani. Mama Kenneth aliingia kila chumba. Aliona jiwe la kusagia, akaliwekea mkono na kulizungusha, akacheka peke yake. Aliona kiriba cha maji cha ngozi ya mbuzi, akasema bibi yake alikuwa nacho. Mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa amekaa mlangoni akampa kahawa kwenye kikombe kidogo, naye akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na wale wawili wasiojuana lugha wakaelewana kabisa. Redempta aliliona hilo, akawaza, huyu mama hajui Kiarabu wala hajifanyi kukijua, na hakuna aliyemcheka.

Ndipo mama akamshika mkono, wakatembea wawili, na mama akaanza kumsemesha kwa Kirombo. Taratibu, kwa raha, kama mtu aliyefungua khanga nyumbani kwake.

Redempta alihisi jasho kwenye ubaridi ule.

“Mama,” alisema, “tuongee Kiswahili, tafadhali. Hamida anatufuata, asije akaona tunamtenga.”

Mama akasimama. Macho yakamlainika.

“Umelelewa vizuri,” alisema. “Mama yako alifanya kazi.”

Jamani! Kuna kusifiwa kunakotia aibu kuliko kutukanwa. Redempta alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale, na mawe ya Hatta hayapasuki ovyo.

Chini ya kijiji kulikuwa na mitende, na katikati ya mitende mfereji wa maji uliojengwa kwa mawe, mwembamba, unatoka mlimani unapita mashambani. Wenyewe wanauita falaj. Mama Kenneth alipouona alipiga kelele ya furaha, akavua viatu, akachuchumaa, akaingiza mkono majini mpaka kiwiko.

“Mfongo!” alisema. “Gervas, njoo uone, hawa ni watu wa mfongo kama sisi! Baridi hivi hivi!”

Akaeleza kila mtu, hata wasiouliza. Kwao Rombo maji ya mfereji yana zamu, nyumba hii asubuhi, nyumba ile jioni, na mwenye zamu akikosa kufika maji yanampita. Akasema marehemu mumewe alikuwa msimamizi wa mfongo miaka ishirini. Akiita watu kwenda kuzibua mfereji uliozibwa na matope, wanatoka wote.

“Mtu alikuwa anaacha sahani ya chakula,” alisema, na sasa alikuwa anamtazama Kenneth. “Baba yako akiita, hakuna aliyesema nitakwenda kesho.”

Kenneth alisimama na kofia mkononi. Akatabasamu. Lile tabasamu la kutojua lilikuwa baya kuliko jibu lolote, na Redempta, aliyejua, akageukia mitende akajifanya anapiga picha. Pale aliona kitu ambacho kwa miezi sita alikuwa amekikwepa, kwamba huyu mama alimpenda mwanawe na alikuwa ameumizwa, na mwana alimpenda mamaye na hajui amefanya nini, na mtu wa kuwatoa hapo alikuwa mmoja tu duniani, naye ameshika simu anapiga picha za mitende.

Wakatandika mikeka kivulini, vyungu vikafunguliwa. Ndizi nyama, pilau ya Hamida, kuku wa kuchoma. Gervas akaomba baraka, ndefu kama kawaida yake, akaambiwa chakula kinapoa. Watu walipokuwa wameshiba nusu, Kenneth akamkonyeza Redempta. Wakati wa zawadi.

Sasa hii zawadi. Redempta aliihangaikia wiki nzima. Alinunua mtandio wa sufu laini na tende za soko la Al Ras, akavipanga kwenye kikapu. Madamu wake pale dukani, Lamees, alishamfundisha kwamba utepe wa plastiki ni wa watu wa bei rahisi. Zawadi ya heshima hufungwa kwa jani bichi. Mlangoni mwa duka kulikuwa na vyungu vya mmea wenye majani marefu, ya kijani kinachong'aa, na kila kikapu cha maana kilichotoka pale kilizungushwa jani la mmea ule na kupigwa fundo juu. Redempta alikuwa amefunga mafundo hayo mamia. Jumamosi akakata majani mawili, moja akalifungia kikapu, la pili akalitia mkobani, kama la kwanza lingechanika njiani.

Akakitoa kikapu kwenye mfuko, akapiga goti mbele ya mama, akakiweka mapajani mwake.

Mama akatazama. Mkono uliokuwa unakuja kupokea ukasimama hewani.

Gervas, paja la kuku liko mdomoni, akaacha kutafuna. Mama mmoja wa Machame akasema, “Yesu wangu.” Na Wachaga wote kumi na nane wa jumuiya ya Deira wakanyamaza kwa pamoja, mpaka maji ya mfereji yakasikika.

“Kwani vipi?” Hamida aliuliza. “Hapendi tende?”

“Isale,” Gervas alisema, akiweka paja chini. “Dada Hamida, jani hili kwetu halifungii zawadi. Linapandwa mpakani mwa kihamba, na juu ya kaburi. Na mtu akikukosea kosa lisilo na malipo, analipiga fundo, anakuletea. Akishakuletea, huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Hata kama kakuulia mtu.”

“Subhanallah,” Hamida akasema, akamtazama Redempta.

Redempta alikuwa bado kwenye goti. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na yeye, Mrombo wa Rombo, malkia wa Kilimanjaro wa Al Rigga, hakuwa anajua. Amelikata jani lile miaka minne na hakujua. Uso ulimwaka.

“Umenikosea nini, mwanangu?” mama aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama desturi inavyotaka aulizwe mwenye kuleta isale.

Kenneth akaangua kicheko, maskini, akimwokoa. “Mama, ni mapambo ya duka lao! Wanafunga hivyo hata keki. Redempta alisahau tu.”

Na mlango wa kuponea ukafunguka, wazi kabisa. Mama akamtazama Kenneth, akamtazama Redempta, na uso wake ukalegea akaanza kucheka naye, kwanza kidogo, kisha sana, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. “Watoto wa mjini! Mtaniua!” Wote wakacheka. Gervas akaliokota paja lake. Redempta alikuwa na neno moja tu la kusema, “Nisamehe, mama, nilisahau,” na siku ingeendelea, na Pasaka barua ingekwenda Tabata.

Lakini mama alipomaliza kucheka hakurudi kwenye kikapu. Alilishika lile fundo kwa vidole viwili, na alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika.

“Hili nimelingoja miezi sita,” alisema. “Nimelipanda mwenyewe kaburini kwa baba yako, Kenneth, nikasema siku moja mwanangu atakuja alichume aniletee. Umekuja kuzika, hukuleta. Nimekuja mpaka huku kwenu, wiki mbili nalala kitandani kwako, hukuleta. Leo linaletwa na mtu asiye na kosa.”

Kenneth akawa kama aliyepigwa kofi. “Mama, nimekosa nini?”

“Usiniulize mbele za watu.”

“Nakuuliza! Nimekosa nini? Tangu Agosti unanifanya mgeni, sijui nimefanya nini!”

Alikuwa na miaka thelathini na sita na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Redempta aliisikia, na kitu kikakatika ndani yake. Si ujasiri, tusimsingizie. Aibu ya kunyamaza ilikuwa imeipita aibu ya kusema, basi.

“Mama, Kenneth hakuambiwa,” alisema.

Hakuna aliyemsikia vizuri. Akarudia kwa sauti.

“Hakuambiwa. Siku ile mlipopiga, baba alipoongea. Sikumfikishia. Nilimwambia mnamsalimia tu.”

“Kwa nini?” Ni Kenneth aliyeuliza.

“Sikuelewa alichosema. Sijui Kirombo. Sijawahi kukijua. Nimezaliwa Tabata, Rombo nimefika nina miaka minne. Niliitikia ee baba, ee baba, kwa sababu niliona haya kusema sielewi. Na baadaye niliona haya zaidi.”

Watu wakaanza kutazama milima. Mama wa Machame akakusanya sahani ambazo hazikuwa zimemalizwa. Redempta aliendelea kupiga goti kwa sababu hakujua aende wapi, na machozi yalimtoka, na hata machozi yale aliyaonea aibu, maana hakuwa yeye aliyefiwa.

Mama Kenneth alimtazama mwanawe, si Redempta, alimtazama kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali. Kisha akalifungua fundo la lile jani, polepole, akalinyoosha juu ya goti lake, akalikunja akalitia kifuani.

“Nimepokea,” alisema. “Sina ruhusa ya kukataa. Nimekusamehe.”

Halafu akampungia mkono Kenneth akae chini karibu yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumwambia. Kwa Kirombo. Alimwambia yote ambayo baba yake alitaka kumwambia, na yalikuwa mengi, na alipofika mahali fulani Kenneth akauweka uso wake kwenye mapaja ya mama yake, mtu mzima yule, akalia mbele ya jumuiya nzima. Redempta alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Alisikia kila neno na hakuelewa hata moja. Hakuthubutu kuuliza. Hamida akaja akamnyanyua kwa kwapa, akampeleka nyuma ya mitende, akamnawisha uso kwa maji ya mfereji.

Mchana ule wengine walikwenda bwawani kupanda vimashua. Kenneth hakwenda. Redempta alimkuta amekaa juu ya jiwe, kofia magotini, anaitazama ile milima.

“Ken,” alisema. “Mama amenisamehe.”

“Mama ameletewa isale,” Kenneth alisema bila kugeuka. “Mimi sijaletewa kitu.”

Hakuwa akimkejeli. Alisema tu jinsi mambo yalivyo.

Redempta akakumbuka jani la pili mkobani. Mkono ulikwenda mpaka kwenye zipu, na hapo ukasimama. Saa mbili zilizopita lilikuwa utepe. Alione haya mara ngapi siku moja? Akaondoka akamfuata mama, aliyekuwa amekwishakaa kwenye Coaster, kiti kile kile cha mbele, mtandio mpya mabegani.

“Mama, naomba unipelekee hili kwa Kenneth.”

Mama alilitazama jani, hakuligusa.

“Mimi nilipokea kwa sababu ulikuwa hujui,” alisema. “Sasa unajua. Kosa hili ni la baba yake mtu. Jani lake linapelekwa na wazee wa kwenu, wanatangulia wao, wewe unafuata nyuma. Mimi ni mamaye, siwezi kutumwa kwake. Baba yako ana ndugu kule?”

“Yupo kaka yake.”

“Anaitwa nani? Wa kijiji gani? Mimi nikirudi nitamfuata mwenyewe.”

Redempta akafungua mdomo. Walimwita Baba Mkubwa. Siku zote ni Baba Mkubwa wa Rombo, kama vile Rombo ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Mama akangoja. Alingoja kwa heshima, mpaka ikawa wazi kwamba hakuna jibu linalokuja, halafu akavuta mtandio akajifunika magoti na kutazama nje. Aibu ya mara hii haikuwa na joto. Ilikuwa baridi, ilimshuka mpaka miguuni.

Walipoanza kushuka, jua liko juu ya mawe bado, Redempta alikaa kiti cha mwisho na kumpigia baba yake Tabata. Televisheni ilikuwa inasikika nyuma, mpira.

“Shikamoo, baba. Naomba jina la Baba Mkubwa. Yule wa Rombo. Na kijiji.”

Sauti ya mpira ikapunguzwa.

“Unamtakia nini?”

“Nataka atangulie kwa watu. Nimekosa, baba, nahitaji mzee wa kwetu.”

Baba akaizima televisheni kabisa.

“Redempta,” alisema mwisho, “Baba Mkubwa alifariki mwaka juzi. Waliniletea habari. Nikasema nitakwenda kuzika, gari likawa bovu. Nikasema nitakwenda arobaini. Sikuwaambia ninyi kwa sababu mngeuliza kwa nini sikwenda.”

Redempta hakuweza kumkasirikia. Alijaribu, akashindwa, aliujua mno ule mwendo.

“Amebaki nani pale, baba?”

“Mjane wake. Na watoto wakubwa.”

“Mpigie basi.”

“Nikimpigia nitasema nini, mwanangu?” baba aliuliza, na aliuliza kweli, akitaka kuambiwa.

Redempta akamjibu kwamba yeye pia hajui.